Bega la Kulia la Baba

Mimi nikikutana na mtu, kabla sijamtazama usoni nimeshamaliza mabega. Mume wangu anasema ni utovu wa adabu, na pengine ni kweli, lakini kila kazi ina ugonjwa wake na huu ndio wangu. Hata kanisani mahubiri hunipita, maana najikuta nakagua migongo ya watu wa benchi la mbele. Huyu bega limelala, yule amejikunyata utadhani anasikia baridi hata jua likiwaka, na yule kaka wa kwaya koti lake lilishonwa na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda mnadani. Koti hubebwa na mabega. Sehemu nyingine zote zinaning'inia tu. Ukikosea pale juu, hata ukitumia kitambaa cha waziri, mteja atatoka dukani akionekana ameazima.

Nashona Karatu mjini, kwenye fremu ndogo ya duka kando ya barabara kuu, ile ambayo magari ya watalii hupita kila asubuhi kwenda lango la Ngorongoro. Watu wa mbali hudhani Tanzania nzima ni joto. Waje Juni. Ukungu unashuka kutoka ukingo wa kreta, unakaa juu ya mahindi mpaka saa nne, na hapo ndipo utaelewa kwa nini fundi wa makoti hafi njaa huku kwetu. Mwalimu anataka koti, mzee wa kanisa anataka koti, dereva wa watalii anataka koti lenye mabega ya kumfanya aonekane meneja wa hoteli. "Dada, hapa nipandishie kidogo," wananiambia wakijigusa bega. "Nionekane nimekula."

Siri ya kupandisha ni pedi ya bega, kile kimto chembamba kinacholala kati ya kitambaa na bitana. Wateja wengi hawajui hata kama kipo. Mimi nilijifunza kukitengeneza kwa kufumua makoti ya mtumba. Nilikuwa nanunua mnadani yale yaliyochanika mikono, yasiyotakiwa na mtu, nayapasua mabega nione ndani kumelala nini. Nilikuta sponji, nilikuta pamba, na siku moja nilikuta kitu kama nywele za mkia wa farasi, kilichoshonwa kwa mkono na mtu mwenye subira kuliko mimi. Hicho cha nywele nilikitazama, nikakisifu, nikakitupa. Kwa miaka mingi niliridhika na sponji. Unakata umbo la nusu mwezi, unachonga kingo kwa wembe, unavika kitambaa, kazi imekwisha. Nilijiona bingwa, na sikuficha. Halafu likaja bega la baba yangu.

Baba ana bega la kulia lililoshuka. Halikushuka kidogo, limeshuka kwelikweli. Ukimtazama kwa nyuma akipanda kilima utadhani anajiandaa kuingia mlango ulio upande ule. Sababu yake hutegemea nani anauliza. Wageni wa mjini huambiwa ni nyati, alitoka msituni akamrusha juu ya mbaazi. Watoto wa shule huambiwa ni magunia ya kahawa ya Oldeani, enzi za ujana wake kwenye mashamba makubwa, wenzake wakibeba moja na yeye mawili. Mama husikiliza hadithi yote mpaka mwisho, haingilii, kisha husema, "Alianguka kwenye punda." Na kweli alianguka kwenye punda, mfupa ukaunga vibaya, na punda mwenyewe, kwa maelezo ya mama, alikuwa amesimama.

Bega lenyewe halimsumbui. Analima nalo, anakamua nalo, anapasua kuni. Jambo moja tu limelishinda, kushika kitu kilichowekwa juu yake. Mkoba unateleza. Shuka linateleza. Na ndiyo sababu, siku ya sendofu yangu, ile sherehe ya kuniaga nyumbani kabla ya harusi, blanketi lilianguka.

Kwetu wakwe wakija kumchukua binti humfunika baba yake blanketi mabegani mbele ya watu wote. Mama naye ana vyake, shangazi ana vyake, lakini blanketi la baba ndilo watu wanalosubiri, kwa sababu pale ndipo inapoonekana kwamba nyumba mbili zimekubaliana. Baba anafunikwa, vigelegele vinapigwa, anacheza nalo kidogo, anakwenda kukaa. Wakwe zangu walitoka Mbulu na blanketi zuri la sufu, jekundu lenye mistari myeusi, zito la kufaa baridi ya milimani. Wakamfunika. Baba akainama kumkumbatia baba mkwe wangu, na blanketi likashuka begani, likapita mkono, likatua sakafuni mbele ya meza ya keki.

Mshereheshaji aliwahi kumpungia mtu wa muziki, lakini kabla muziki haujaanza shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alisema "Mh!" Ile mh ilisikika mpaka jikoni. Baba akaliokota blanketi mwenyewe, akalikunja, akampa mama, akacheka. Alicheka vizuri mpaka wageni nao wakacheka, na mimi niliyemjua nilijua kabisa kwamba hachekeshwi na kitu.

Tangu siku hiyo shangazi hajapumzika. Paa letu likivuja, ni lile blanketi. Mwanangu akivunjika jino akigombania ndizi na binamu yake, ni lile blanketi. Niseme wazi kwamba nina ndoa nzuri. Mume wangu ananichekesha, na anaosha vyombo bila kutangaza. Lakini jambo lile liliniuma. Kila nilipokwenda sendofu ya mtu na kuona baba wa watu amefunikwa, anazunguka ukumbi akijishaua, nilikuwa napiga vigelegele huku wivu umenijaa. Nilitamani na wangu angezunguka hivyo kwa ajili yangu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, shangazi? Blanketi liliingia kwenye sanduku la bati la mama, likamwagiwa vidonge vyeupe vya naftalini, na baba hakuruhusu tena mtu yeyote amwekee kitu begani. Hata Julai, wazee wenzake wakijifunika mpaka masikio, yeye alikaa na sweta akijifanya hasikii baridi.

Sasa mwaka jana mdogo wangu, kitinda mimba wetu, akapata mchumba. Kijana wa Kichaga, wazazi wake wana duka Moshi, na yeye mwenyewe anaendesha watalii hapa Karatu. Tulimpenda wote. Hata mama, aliyekuwa na wasiwasi kwamba tutaletewa mtu wa maneno mengi, aligundua kijana anaongea kidogo na anakula sana, akatulia. Mshenga alikuja akarudi, mambo yakaiva, siku ya sendofu ikapangwa. Ndipo baba akatangaza mezani, akifinyanga tonge la ugali, kwamba blanketi litapokelewa na baba mdogo.

"Kwa nini baba mdogo?" mdogo wangu akauliza.

"Ana mabega," baba akajibu, akala tonge lake.

Kesho yake mdogo wangu alikuja dukani kwangu na uso umevimba. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasubiri nimalize kumpima mwalimu mmoja suruali, na mwalimu alipotoka tu akaanza.

"Dada, mimi siondoki nyumbani kama baba hajafunikwa. Baba mdogo akipokea blanketi, basi akaolewe yeye."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Nimeshamwambia mwenzangu na ameelewa. Amesema hata yeye hawezi kumchukua mtu ambaye baba yake amejificha." Akafuta pua, kisha akanitazama vibaya. "Na wewe si fundi? Kutwa unajisifu unaweza kumpa bega mtu asiye na bega. Mpe baba."

Nilikasirika, maana alisema kweli. Miaka yote nimewapandishia mabega madereva na wahasibu, na sikuwahi hata siku moja kumpima baba yangu mzazi. Nilifunga duka mapema, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Nilimkuta baba zizini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo tepu shingoni ni ya nini, unanipima jeneza?"

"Koti."

"Ninalo."

"Lile la kabla sijazaliwa?"

"Bado zima." Akaendelea kukamua. "Mdogo wako amekutuma. Mnataka kuniwekea bega la uongo."

"Baba, makoti yote yana bega la uongo. Hata la mchungaji."

Akaacha kukamua. "La mchungaji pia?"

"Nimelishona mimi."

Alicheka mpaka ng'ombe akageuka kumtazama. Habari ya mchungaji ilimkuna sana, na nadhani ndiyo iliyomfanya akubali kusimama nimpime. Kiganja changu kizima kiliingia kwenye lile bonde kati ya bega lilivyo na bega linavyopaswa kuwa. Lakini alitoa sharti. Koti litajaribiwa hapahapa nyumbani, kwa blanketi zito, na si kwa kusimama tu. Atainama, atakumbatia mtu, atacheza, kama siku yenyewe. Likianguka hapa, atasimama baba mdogo, na nisimletee maneno tena.

Nikashona koti la kijivu, na bega la kulia nikaweka sponji nene kuliko yote niliyopata. Akalivaa uani. Mabega yalikuwa sawasawa. Mama alimzunguka akimkagua mbele na nyuma, akasema, "Kumbe niliolewa na mtu mrefu." Baba mdogo akajitolea kuwa mkwe wa kutoka Moshi, akaja na hatua za kujidai na blanketi la chumba cha wageni, akamfunika kaka yake. Baba akainama. Nikaona kwa macho yangu sponji ikibonyea chini ya ule uzito, bega likarudi lilikozaliwa, na blanketi likateleza likamwangukia kuku mwenye vifaranga. Kuku alitoka mbio nalo mpaka kwenye migomba. Tulimfukuza wote, hata bibi harusi.

Sikukata tamaa. Nilijiambia sponji ni laini mno, nikachukua pamba ya godoro nikaishindilia mpaka ikagoma. Safari hii baba alikuja kulijaribu dukani kwanza. Fundi viatu wa fremu ya jirani akasimamisha nyundo yake.

"Sister, huyo mshua anafuga nini humo begani?"

Nikamwambia ashone viatu. Lakini niliona mwenyewe, ilikuwa nundu, ya kufaa dume la mnadani. Nikapunguza, nikapiga pasi, nikapunguza tena, tukaenda nyumbani kwenye jaribio. Blanketi likakaa. Baba akainama, likakaa. Akamkumbatia baba mdogo, likakaa. Mdogo wangu akaanza kupiga makofi, baba akaanza kucheza, na pamba ikaanza kuhama. Ilitoka begani, ikapita chini ya bitana, ikajikusanya kifuani, blanketi likaifuata na kuanguka. Baba akajitazama kifua.

"Sasa nimekuwa mama yako," akasema.

Wote walicheka mpaka wakakaa chini, mama akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi sikucheka. Nilimvua lile koti kwa nguvu, nikaliviringisha, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Sendofu ilikuwa imekaribia, kadi zilikwisha kusambazwa, na mdogo wangu ni mtu anayefanya anachosema. Baba alinifuata. Alisimama kando yangu akiangalia mbaazi.

"Umejitahidi, mwanangu. Mwambie baba mdogo wako afue shati."

"Nipe nafasi moja, baba."

"Ya nini?"

"Sijui bado."

Akakuna kidevu. "Moja," akasema, akaenda kunywesha ng'ombe.

Nililala nyumbani siku hiyo. Asubuhi ukungu haujaondoka nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na chai, nimenuna, mama akawa anatoka kwenda kuchukua majani ya ng'ombe. Alirudi na mzigo mkubwa kichwani, anashuka mteremko, anageuka nyuma kumjibu jirani, anamkaripia mbuzi, na mzigo hautikisiki. Mambo haya nimeyaona tangu nazaliwa. Siku hiyo ndiyo nilitazama chini ya mzigo. Palikuwa na kata, ile pete ya kanga iliyosokotwa ambayo kila mwanamke huku hutegeshea mzigo kichwani.

Alipoutua nikamwomba anipe kata yake kabla hajaifumua. Niliibonyeza. Haikuwa laini hata kidogo. Ilikuwa ngumu, imebanana, nguo juu ya nguo, na pembeni ina ukingo ulioinuka ambao mzigo unaegemea. Nikacheka peke yangu kwenye ngazi, chai ikamwagika. Nilikuwa namtengenezea baba mto wa kulalia, na yeye anahitaji kitu cha kubebea.

"Una nini wewe?" mama akauliza.

Nikamweleza. Nilitaka pedi ya matabaka, kila tabaka dogo kuliko la chini yake, yashonwe pamoja mpaka yawe kitu kimoja, na mwisho wa bega niweke ukingo kama wa kata. Tatizo lilikuwa nguo yenyewe. Ilibidi iwe sufu, nene, ambayo nyuzi zake zimekwisha kushikamana, na mablanketi ya mnadani siku hizi ni plastiki tupu, yanang'aa na kuteleza. Mama alinisikiliza akijikung'uta majani begani. Kisha akaingia ndani, nikasikia sanduku la bati likilia, akatoka na lile blanketi jekundu.

Sikuwa nimeliona tangu siku ile. Harufu ya naftalini ilinipiga usoni. Mistari yake myeusi ilikuwa bado inang'aa, halijavaliwa na mtu.

"Hilo ni langu," nikasema.

"Ni la baba yako. Alipewa."

"Halikumkaa."

"Basi likate limkae."

Nikasita. Nililishika, nikaliweka mapajani, nikafikiria shangazi, nikafikiria wakwe zangu waliolitoa Mbulu kwa moyo mweupe. Mama akashika pembe moja, akalikaza.

"Limelala sandukuni mpaka panya wamelidharau," akasema. "Kata, kabla baba yako hajatoka zizini. Na tusimwambie mpaka likae."

Nikapitisha mkasi. Nilidhani nitalia, kumbe nilisikia raha, raha ya kweli, ile ya kukata kitambaa kizuri kinachojua kinakokwenda. Nilikwenda dukani na vipande ndani ya kikapu, nikafunga mlango nusu ili wateja wajue nina shughuli. Cherehani sikuigusa. Pedi ya namna hii lazima ishonwe kwa mkono ikiwa imepinda juu ya goti, kwa mishono mirefu ya mshazari, ili ikiisha ibaki na mpindo wake na isikubali tena kunyooka. Hapo nikamkumbuka yule fundi wa ng'ambo na nywele zake za farasi, nikamwomba radhi kimoyomoyo. Tabaka la chini nililipa umbo la bonde lenyewe la baba, nililolikariri kwa kiganja. Juu yake nikapanda kwa ngazi, tabaka kwa tabaka, na mwishoni, pale mkono wa koti unapoanzia, nikasokota ukanda wa sufu nikaushona kama ukingo wa kata. Bega la kushoto nililiwekea tabaka moja tu, lisione wivu. Nikafukiza mvuke, nikapiga pasi juu ya taulo lenye maji, nikaacha pedi zipoe. Vidole vilikuwa vimetoboka na nilikuwa naimba.

Kwenye jaribio la mwisho, kulekule uani, baba alitokea na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alipovaa koti akageuza shingo, akanusa bega la kulia. Akanitazama. Akamtazama mama. Kisha akauliza tu kama chai iko tayari.

"Baadaye," mama akasema. "Kwanza inama."

Akainama. Baba mdogo alimkumbatia, akamtikisa, akamning'inia nusu nusu. Blanketi la chumba cha wageni lilikaa pale kwenye ukingo wake. Baba akacheza kidogo. Akacheza zaidi. Akaruka ile ruka ya vijana wetu wa Kiiraqw ngomani, ambayo mama alikuwa amemkataza kwa sababu ya magoti, na blanketi likaruka naye na kushuka naye. Mdogo wangu alinirukia tukaanguka wote juu ya majani ya ng'ombe. Baba mdogo, aliyekwisha kufua shati, alisema hata yeye alikuwa anaogopa ile kazi.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wakwe wa Moshi waliingia kwa wimbo, akina mama wamevaa vitenge vya sare, mbele yao ndafu imebebwa mabegani, mbuzi mzima wa kuchoma na majani mdomoni, na mtu nyuma na ndoo ya mbege, pombe yao ya ndizi. Mshenga aliongea kwa ufasaha wa kutisha. Shangazi alikaa mstari wa mbele kabisa, mkoba mapajani, macho kwa kaka yake. Nilikaa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani sikukagua mabega ya mtu mwingine yeyote.

Mkwe, baba wa bwana harusi, alikuwa mzee mfupi, mnene, mchangamfu. Blanketi lake sikuwa nimelitarajia. Lilikuwa la rangi ya kahawia, kubwa la vitanda viwili, zito kiasi kwamba alisaidiwa na mdogo wake kulinyanyua. Nikafunga macho. Nikasikia vigelegele, nikafungua. Baba alikuwa amefunikwa, amesimama wima. Mkwe akafungua mikono, na kwa kuwa ni mfupi, baba alilazimika kuinama chini kuliko tulivyofanya mazoezi uani. Aliinama. Shangazi akavuta pumzi, nikamsikia, tayari kwa mh yake. Blanketi likasogea kidogo, likafika kwenye ukingo, likasimama. Baba akamkumbatia mkwe, wakapigana migongoni, akainuka, na blanketi likainuka naye.

Ile pumzi ya shangazi ilitoka ikiwa kigelegele. Sijui kama alipanga. Kilikuwa kirefu kuliko cha wote, na akasimama juu ya kiti akiwa na umri ule. Muziki ukapigwa, baba akaanza kuzunguka ukumbi na blanketi lake, akijishaua, akitupa bega la kulia mbele makusudi kila alipopita meza ya wazee wenzake. Mdogo wangu alimfuata akicheza na huku analia na rangi ya macho inamshuka. Walimwomba baba avue akale, akakataa. Alikula ndafu amefunikwa, jasho linamtiririka.

Jua lilipokuwa linazama nilimkuta nje ya ukumbi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi bado liko mabegani, anaangalia wingu likitanda juu ya ukingo wa kreta. Nilikuwa na sahani ya ndizi na nyama. Akanionyesha kiti cha jirani, nikakaa, nikavua viatu.

"Fundi," akaniita. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Naam, baba."

"Hili bega linanuka sanduku la mama yako."

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Nilijua siku ile ya majaribio," akasema. "Ile harufu siisahau. Nilitaka kuuliza, nikaona nisubiri kwanza likae." Akapeleka mkono wa kushoto chini ya blanketi, akabonyeza bega la koti kama mtu anayepima embe. "Ni lile jekundu?"

"Ndilo, baba."

Akaendelea kubonyeza palepale begani. Kisha akaanza kutabasamu, taratibu, mpaka meno yote aliyobakiza yakaonekana.

"Kwa hiyo na lako nimelivaa," akasema. "Limekaa. Na nimecheza nalo mbele ya watu wote."

Nililia palepale, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niisemeje. Baba alichukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu.

"Usilie, chakula kinapoa," akasema. "Nenda kamwambie shangazi yako."

Nikaenda mbio, viatu mkononi.